Jinsi ya kutengeneza watu-nyani wa kuchezwa kwenye gemu la mezani: mwongozo kamili kutoka Dodoma

Wakuu habari zenu. Huu mwongozo niliahidi tangu msimu wa zabibu uliopita na sasa zabibu zimeiva tena, mniwie radhi, ila afadhali umechelewa maana ningeuandika kipindi kile ningewapotosha.

Kwa asiyejua tunachocheza: ni gemu la kuigiza, mmoja anakuwa mwendeshaji, yeye ndiye anasimulia dunia na kuigiza maadui na kila mtu mwingine, waliobaki kila mmoja ana mhusika wake kwenye karatasi, ukitaka kufanya jambo gumu unarusha dadu ya pande 20, unajumlisha bonasi yako, ukifikisha namba umefaulu. Tunatumia sheria za D&D, yaani Dungeons and Dragons, gemu lililoanza Marekani mwaka 1974 na ndilo mama wa haya mengine karibu yote. Tuko sita, tunakutana Nkuhungu hapa Dodoma kila jumapili mchana, ramani za kununua hatuna kwa hiyo marumaru za sebuleni ndiyo miraba yetu, askari wetu ni kete za bao, na kabla hatujapata dadu za kweli tulikuwa na vizibo 20 vya soda vimeandikwa namba, tumevitia kwenye soksi. Ukitumia vizibo, ukishachomoa kimoja kirudishe ndipo uchomoe tena, la sivyo hesabu zote nitakazotoa huko chini zinaharibika.

Sasa mwenzetu mmoja akasema anataka kucheza nyani. Siyo mtu anayegeuka nyani kwa uchawi, hapana, nyani wa kuzaliwa, ana mkia wake na akili zake timamu. Nikamwambia mbona rahisi, nikampa Wepesi +2, kasi ya kukwea, mkia wa kushikia vitu, dakika kumi nimemaliza. Vikao viwili tu nikajua nimefanya upuuzi. Kwanza ule mkia ukamfanya ashike ngao, panga la mikono miwili na mwenge kwa wakati mmoja, wenzake wakanuna. Pili, ukiutoa mkia alikuwa mtu wa kawaida mwenye manyoya, anaongea kama sisi, anaogopa tunachoogopa sisi, na kila akitaka kutukumbusha kwamba yeye ni nyani anaulizia ndizi.

Hapo ndipo nikaelewa kitu ambacho ndicho mwongozo mzima: jamii inakuwa ya kuchezwa pale inapompa mchezaji uamuzi ambao wenzake pale mezani hawana. Bonasi haimpi uamuzi wowote, anaijumlisha tu anaendelea kula karanga.

HATUA YA 1: Kamwangalie mnyama mwenyewe

Wengi wanaanza na walichoona kwenye filamu, Hanuman, Sun Wukong, wale nyani wa hadithi, fimbo ndefu na mateke ya hewani. Hao wana kwao, India na China, na wana heshima yao huko. Sisi tuna nyani hapa hapa hadi wanatuudhi, kwa nini uende mbali?

Bibi yangu alikuwa na shamba la mahindi na karanga upande wa Mpwapwa, chini ya kilima cha mawe, na likizo zetu zote tulimalizia juu ya dungu na debe bovu na kombeo. Kwa waliokulia mjini, dungu ni kile kichanja cha miti unachojengea katikati ya shamba ukae juu ulinde. Nilichokiona kule kimenisaidia kuliko kitabu chochote cha sheria. Nyani mmoja anakaa juu ya jiwe hafanyi lolote, anatazama tu. Wengine wanaingia. Hawali pale pale, wanajaza mashavu mpaka wanakuwa kama watu wenye jino bovu, halafu yule wa juu anabweka mara moja na wote wanatoweka wakati wewe ndiyo kwanza unatafuta jiwe la kuweka kwenye kombeo. Bibi alikuwa anasema wanamjua mtoto na wanamjua mwanaume mzima, na mimi naamini, maana wakituona sisi hawakimbii, wanaondoka kwa mwendo wa kutembea kama wanaokwenda sokoni. "Ukicheka na nyani utavuna mabua" kwa bibi haikuwa methali, ilikuwa ni maelekezo ya kazi.

Kwa hiyo chukua daftari uandike vitu vya kweli kuhusu hawa wanyama, na pembeni ya kila kimoja andika kinaweza kuwa nini kwenye gemu. Nitawapa vyangu.

Mkia. Nyani, tumbili, kima, mbega, wote wa Afrika hakuna anayening'inia kwa mkia. Wanaoweza kushika tawi kwa mkia wako Amerika ya Kati na Kusini. Wa kwetu mkia ni wa kujiweka sawa akiwa anaruka. Hiyo peke yake ilinitatulia kesi ya ngao na panga: mkia haushiki kitu, kwisha.

Mashavu. Nyani, tumbili na kima wana mifuko ndani ya mashavu ya kubebea chakula. Mbega hana, yeye anakula majani na ana tumbo lenye vyumba kadhaa la kuyachachusha. Mbega pia kidole gumba chake kimebaki kigutu tu, na hata lile jina lake la kisayansi limetoka kwenye neno la Kigiriki la kitu kilichokatwa.

Malazi. Nyani usiku wanapanda miti mirefu au miamba kwa kumwogopa chui. Ukiona vilima vya mawe vya Dodoma na Kondoa, vile vijabali vilivyorundikana kama mtu alikuwa anajenga akaghairi, basi ramani ya kijiji chako cha watu-nyani imeshachorwa.

Ukoo. Hapa pana utajiri. Kwa nyani na kwa tumbili majike wanabaki kwenye kundi walilozaliwa maisha yao yote, na binti anarithi cheo cha mama yake. Madume wakikua wanahama kwenda kundi jingine ambako hawajulikani na wanaanza upya. Mnaona? Kila mwendeshaji anasumbuka kutafuta sababu ya mhusika kuondoka kwao kuzurura duniani, hapa mnyama mwenyewe amekupa.

Na sauti. Tumbili ana mlio wa chui, mlio wa tai na mlio wa nyoka, na ni milio tofauti kabisa. Hii ilichunguzwa Amboseli kule Kenya, Struhsaker aliieleza mwaka 1967, halafu Seyfarth, Cheney na Marler wakatoa utafiti wao 1980, walirekodi milio wakawapigia tumbili kwa spika wakati hakuna adui yeyote. Wakisikia mlio wa chui wanapanda mtini. Wa tai, wanatazama juu au wanakimbilia kichakani. Wa nyoka, wanasimama kwa miguu miwili wanakagua chini kwenye nyasi. Watoto wao wanakosea, mtoto anaweza kupiga mlio wa tai kwa ndege asiye na madhara yoyote. Niliposoma hiyo nikafunga daftari maana nilikuwa nimeshapata.

HATUA YA 2: Chagua kimoja kiwe moyo, na kingine kiwe mwiba

Kosa la kawaida ni kuweka vyote. Unampa mchezaji sifa tisa, anakumbuka mbili. Chagua jambo moja ambalo ukilitoa jamii nzima inakufa, halafu tafuta jambo la pili linalogombana nalo. Narudia, linalogombana. Sifa mbili zinazopatana zinakupa mhusika mwenye nguvu, sifa mbili zinazogombana zinakupa uamuzi.

Mimi moyo nikachagua milio mitatu. Mwiba nikachagua shavu. Sababu ni nyepesi mno: mdomo ukiwa umejaa huwezi kupiga kelele. Mchezaji anaweza kuficha kitu shavuni, ufunguo, kito, hata chupa ndogo ya dawa, na hakuna askari atakayekiona akimpekua, ila muda wote kikiwa mdomoni hawezi kuwaonya wenzake. Tayari ana kitu cha kuwaza kila dakika na hatujagusa dadu.

Ukitaka moyo mwingine ruksa. Unaweza kufanya ukoo wa kurithi cheo ndiyo moyo, na kuhama ndiyo mwiba. Ila kama vitu vyako viwili havigusani kabisa, mfano meno makali na kuona gizani, rudi kwenye daftari.

HATUA YA 3: Namba

Kabla ya namba, jua unatumia toleo lipi. Kwenye toleo la 2014 jamii ndiyo ilikuwa inatoa bonasi za uwezo, Nguvu +2 na kadhalika. Toleo la 2024 bonasi hizo zimehamishiwa kwenye historia ya mhusika, yaani alikuwa askari au mkulima au karani. Mimi nafuata hili jipya hata tukicheza kwa kitabu cha zamani, maana siyo kila nyani ni mwepesi, bibi yangu angewaambia kuna yule dume mnene aliyekuwa anakamatwa kila mwaka. Na kwa wanaofikiria kuja kuuza kazi zao: sheria za msingi, zile zinazoitwa SRD 5.1, tangu Januari 2023 zimewekwa kwenye leseni ya Creative Commons, unaweza kuzitumia bure hata kibiashara mradi utaje zilikotoka.

Sasa kukwea. Kwa sheria za kawaida, kila futi unayokwea inakula futi mbili za mwendo wako. Ukimpa mtu kasi ya kukwea ya futi 30, yaani miraba 6, anapanda ukuta kama anatembea. Kuna watu wanaogopa hii wakati haina shida, shida ni kuruka kama ndege katika levo ya kwanza, yaani mhusika akiwa bado mgeni, hiyo ndiyo inaua mitego yote ya mwendeshaji. Anayekwea anafika juu ya ukuta peke yake, wenzake wako chini, na huko juu kuna walinzi wanne. Mwache afike. Kuanguka nako usimpunguzie, dadu moja ya pande 6 ya maumivu kwa kila futi 10, kama watu wengine.

Milio imenitesa wiki tatu. Toleo la kwanza ilikuwa haina kikomo: adui akimshambulia mwenzako unatumia riakshani yako, yaani kile kitendo kimoja unachoruhusiwa kufanya kwenye zamu ya mtu mwingine, unapiga mlio na mwenzako anasaidika. Na mlio wa chui ulikuwa unamruhusu mwenzako asogee KABLA ya pigo. Matokeo yake jitu langu moja, nililoliandaa siku mbili, lilipiga hewa vita nzima, kila likinyanyua rungu mtu ameshasogea. Walicheka mpaka mlinzi wa nyumba ya jirani akaja kuuliza kuna nini.

Toleo la pili nikapaniki, nikaweka mara moja kwa siku. Ikawa mchezaji anautunza, anautunza, kikao kinaisha hajautumia. Hili liangalieni sana, kitu cha mara moja kwa siku watu wanakiogopa kama shati la sikukuu.

Toleo la tatu ndilo limekaa. Idadi ya milio kwa siku ni sawa na bonasi ya ujuzi, ile inayoanza +2 levo ya 1 mpaka ya 4, inakuwa +3 levo ya 5, inapanda taratibu mpaka +6 levo ya 17. Kwa hiyo mgeni ana milio miwili, anaona aibu kuitunza yote, na mkongwe ana sita. Msogeo wa chui unatokea BAADA ya pigo. Na kila mlio una bei: kila kiumbe kinachosikia kinajua uko wapi. Kama ulikuwa umejificha, basi hujajificha tena.

Hesabu kidogo kwa wanaopenda, wasiopenda rukeni. Mlio wa tai unampa mwenzako +2 kwenye namba ya kinga, ile ambayo adui lazima aifikishe ndipo ampate, kwa shambulio moja la kutoka juu au la kurushwa. Kila +1 kwenye dadu ya pande 20 ni asilimia 5, kwa hiyo hapo umempunguzia adui asilimia 10, wastani tu. Mlio wa nyoka una nguvu zaidi: mwenzako anayejiokoa na mtego au sumu anarusha dadu mbili anachukua kubwa. Kama alihitaji 11 kwenda juu, alikuwa na asilimia 50 sasa ana 75. Kama alihitaji 16 kwenda juu alikuwa na 25, sasa ana karibu 44. Mnaona faida ni kubwa katikati na inapungua pembeni. Ndiyo maana nimeufungia kwenye mitego na sumu tu, ukiuachia kwenye uchawi wote mtu mmoja anageuka ngao ya kijiji kizima.

Kuhusu kumpa udhaifu wa namba, Akili -2 na mambo kama hayo, usifanye. Sababu ya kiufundi ni kwamba mchezaji atachagua tu kazi isiyotumia Akili na hutakuwa umemgharimu chochote. Sababu nyingine iko hatua ya 5 na ndiyo nzito.

HATUA YA 4: Maisha yao

Jina kwanza. Mimi niliwaita Wadungu, kwa sababu nilitaka kugeuza kibao: kwa kawaida mtu anakaa kwenye dungu kumzuia nyani asiingie shambani, kwenye dunia yangu watu-nyani ndio wanaoajiriwa kukaa juu ya dungu kwa sababu ya macho na milio yao. Nilijisifu sana na hilo jina. Kikao cha kwanza jamaa mmoja akawaita wadudu, bahati mbaya, cha pili akawaita wadudu makusudi, cha tatu wote wanawaita wadudu. Litamke jina kwa sauti mbele ya mtu mwenye utani kabla hujalichapa. Sasa wanaitwa Wakwezi, mmoja ni Mkwezi. Dada mmoja wa Tanga kwenye kundi letu akasema kwao mkwezi ni mtu wa kuangua nazi, nikamwambia sawa, naye si anapanda?

Kwenye utamaduni usiandike kurasa kumi, hakuna atakayesoma. Andika mambo matatu ambayo mchezaji anaweza kuyatumia akiwa ameketi mezani. Yangu ni haya.

La kwanza ni kukomaa. Mtoto wa Mkwezi akipiga mlio wa tai, wakubwa kwanza wanatazama juu, maana watoto wanapigia mlio hata kunguru. Siku wazee wanapokimbilia kichakani bila kutazama juu, kwa sauti yako tu, siku hiyo umekua. Hakuna sherehe wala jando, ni wao kukuamini tu. Na ukipiga mlio wa uongo ukiwa mtu mzima, wanarudi kutazama juu kila ukiita, na hiyo ni aibu kuliko kufungwa. Mchezaji wangu alivyosikia hili alinyamaza kidogo halafu akaandika kwenye karatasi yake: "bado wanatazama juu." Huyo mhusika alimaliza kujengwa pale pale.

La pili ni kuhama. Wanaume wanaondoka, wanawake wanabaki na jiwe lao. Kwa hiyo Mkwezi wa kiume ukikutana naye barabarani ni jambo la kawaida, ila wa kike akiwa safarini kila mtu anauliza kimetokea nini kwao. Wote wawili wana hadithi.

La tatu ni namna wanavyowaona binadamu. Binadamu wana methali zao, kesi ya nyani hakimu ngedere, nyani haoni kundule, na Wakwezi wanazijua zote. Wao wanasema ukicheka na mtu utavuna mishale.

Nyumba zao nimeziweka kwenye mapango mafupi ya miamba, yenye michoro myekundu iliyofifia ukutani ambayo hata wao hawajui nani aliichora. Aliyewahi kufika Kolo kule Kondoa kwenye michoro ya miambani, ile iliyoingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2006, anajua nimeiba wapi. Nimeiba hisia ya mahali tu, sikuchukua watu walioichora wala mizimu yao.

HATUA YA 5: Hakikisha hujamtukana mtu

Naomba hapa tusitaniane. Mtu mweusi kuitwa nyani ni tusi la miaka mingi, wachezaji wetu wa mpira wanarushiwa ndizi uwanjani huko Ulaya mpaka leo. Kwa hiyo ukitengeneza watu-nyani umeshika kaa la moto, hata kama wewe mwenyewe ni mweusi na unacheza na weusi wenzako Nkuhungu.

Mwaka 2022 Wizards of the Coast, ndio wachapishaji wa D&D wenyewe, walitoa jamii ya namna hii inaitwa hadozee. Historia waliyoipa ni kwamba mchawi aliwakamata wakiwa wanyama tu, akawapa dawa ya kuwaongezea akili, akakusudia kuwauza, na wakaja kukombolewa. Watu waliosoma wakaona utumwa wa watu weusi umeandikwa upya kwa mikia. Kampuni ikaomba radhi Septemba mwaka huo huo na kuyaondoa maandishi hayo. Wale wana wahariri, wana hela, na bado likawapita. Sembuse mimi na wewe.

Ninachofanya mimi: nasoma maelezo yote kwa sauti baada ya kufuta mkia, manyoya na kukwea. Kinachobaki kikisikika kama maneno ambayo mtu anaweza kumtukania jirani yake, nakifuta. "Wana akili ndogo ila waaminifu kwa bwana wao", futa. "Wanapenda ngoma na kelele", futa. Wasiwe wameumbwa na mtu wala kufundishwa ustaarabu na mtu, wawe na mwanzo wao wenyewe. Na jambo la kwetu zaidi: usiwape lafudhi, mavazi au chakula cha kabila moja linalojulikana. Utani wa makabila tunao na tunaupenda, lakini utani una watu wawili wanaorudishiana, karatasi hairudishi. Mimi nilikuwa nimewapa zeze na ngoma ya muheme kwa sababu nimekulia navyo na navipenda, nikavitoa, maana kila Mdodoma angesoma angejua nimemvalisha mkia Mgogo.

HATUA YA 6: Andika karatasi moja

Ukurasa mmoja, sifa zisizidi nne. Ya kwangu iko hivi, chukueni mtumie:

WAKWEZI. Umbo la kati au dogo, mchezaji achague. Kasi futi 30.

Kukwea: kasi yako ya kukwea ni sawa na ya kutembea. Mikono yako lazima iwe huru, mkia haushiki kitu.

Milio Mitatu: adui au hatari unayoiona ikimlenga mwenzako aliye ndani ya futi 30 na anayekusikia, tumia riakshani uchague mmoja. CHUI, baada ya shambulio kuisha mwenzako anasogea nusu ya kasi yake bila kupigwa anapoondoka. TAI, ana +2 ya kinga dhidi ya shambulio hilo kama linatoka juu au limerushwa. NYOKA, anarusha dadu mbili na kuchukua kubwa akijiokoa na mtego au sumu. Mara nyingi kama bonasi yako ya ujuzi, zinarudi ukilala usiku. Kila anayesikia anajua ulipo.

Shavu: unaweza kuficha mdomoni kitu kisichozidi ukubwa wa yai la kuku. Kikiwemo huwezi kupiga mlio wala kusoma uchawi wa maneno.

Nasaba: chagua. Wa Jabali, wanaotokana na nyani, wana sifa zote za juu. Wa Kilele, wanaotokana na mbega, hawana Shavu, badala yake wanaruka umbali wao wote bila kukimbia kwanza.

Basi. Nilikuwa na vingine nikavitupa. Kuchambuana manyoya wakati wa mapumziko ili kupona zaidi, ilikuwa nzuri kusimulia ila ilileta makaratasi mengi. Kigutu cha mbega kumharibia upinde, mtu aliyetaka kuwa mpiga mishale alinilalamikia usiku kucha kwenye simu.

HATUA YA 7: Jaribu, na ujaribu vibaya

Andaa matukio matatu mafupi, kila moja kama nusu saa: moja la kupanda, moja la vita, moja la kuongea tu bila silaha. Hilo la kuongea ndilo watu wanaliruka na ndilo linaloonyesha kama una jamii au una silaha yenye manyoya. La kwangu lilikuwa baraza la wazee ambao shamba lao la uwele limeliwa, na wote wanamtazama Mkwezi. Mpe mhusika mtu asiyekuwepo ulipokuwa unatunga, usimsaidie, kaa kimya na kalamu. Andika vitu vitatu: milio ilitumika mara ngapi, ni mara ngapi mdomo ulikuwa umejaa ukihitajika, na nani alichukua simu yake. Ukiona mtu wa pembeni anachukua simu kila Mkwezi anapocheza, sifa zako zinamsaidia mwenyewe tu, haziwagusi wenzake.

Jaribio la mwisho tulilifanya umeme umekatika, tochi ya simu imesimamishwa ndani ya glasi ya maji katikati ya marumaru. Mkwezi alikuwa ameiba pete ya mzee wa baraza, ameificha shavuni, wanatoka kupitia korongo, daraja la kamba. Kasisi wao akakanyaga ubao, nikasema ubao umebonyea, chini kuna mlio wa kitu kama chemchemi ya chuma. Mwenye Mkwezi akanitazama. Akauliza, kutema ni kitendo? Mimi sikuwa nimeandika popote. Wenzake wakaanza kubishana, mmoja anasema meza pete, mwingine anasema pete ina ncha atakufa, kasisi anapiga kelele kwamba yeye ndiye aliyeko darajani jamani.

Nikaamua pale pale kwamba kutema ni bure, hata kwenye zamu ya mwingine, ila kilichotemwa kinaanguka ulipo. Akatema. Akapiga mlio wa nyoka. Kasisi akarusha 4 na 17, akapona.

Kwa hiyo ongezeni sentensi hiyo kwenye Shavu, mimi nimeshaiongeza. Pete imeanguka korongoni na wamemaliza vikao viwili wanaitafuta.